Phelis wa Chumba cha Giza

Kwa miaka kumi Phelis Chelangat alifanya kazi katika hospitali moja ya misheni kati ya Sotik na Kericho, na katika miaka hiyo yote hakuna ripoti hata moja iliyotoka pale ikiwa na sahihi yake. Alipoulizwa alikuwa nani hospitalini, hilo ndilo alilolitaja kwanza, kwa sauti tulivu ya mtu anayetaja mwaka aliozaliwa.

Aliingia mwaka wa 1988 akiwa mfagiaji. Alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata alama ambazo babake, mzee Aron, alizikunja akazitia ndani ya Biblia ili wageni wasizione. Aron alikuwa na ekari moja na nusu ya majani chai, ng'ombe watatu wa maziwa, na msimamo kwamba binti aliyevaa sare ya sekondari hawezi kurudi kubeba kikapu mgongoni. Aliposikia kazi yenyewe ni ya ufagio alisema angalau mvua haitamnyeshea.

Idara ya eksirei ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha mashine na kingine kilikuwa chumba cha giza, kidogo kama choo, kisicho na dirisha, chenye taa nyekundu na mabeseni ya dawa iliyonuka kama siki. Mzee aliyekuwa akisafisha picha humo alipostaafu, Phelis aliambiwa ajaribu. Alijaribu, akaweza, na ufagio akapewa mwingine. Tangu siku hiyo alishinda humo ndani akichovya picha za mifupa ya watu, akizianika kwenye waya kama nguo, huku akijifunza peke yake mbavu zilizovunjika zinaonekanaje na kifua cha mtu mwenye TB kikoje. Hakuna aliyemuuliza anajua nini. Naye hakusema.

Mwaka wa 1991 alikuja Daktari Akeyo, mwanamke mrefu kutoka upande wa Kisumu aliyekuwa amesomea ng'ambo. Pamoja naye, au miezi miwili hivi baadaye, ilikuja mashine ya skani, zawadi ya kanisa fulani la mbali. Ilikuwa imeshatumika mahali pengine. Kioo chake kilikuwa na ukubwa wa daftari la shule, na kwa pembeni kilikuwa na ufa mwembamba. Watu wa vijijini waliiita mashine ya kuona mtoto. Fundi wa eksirei, Mzee Makori, alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu na alisema wazi kwamba hana haja ya kujifunza jambo jipya. Akeyo alihitaji mtu wa pili. Akamchukua Phelis, kwanza kwa kupangusa jeli kwenye matumbo ya wagonjwa, kisha kwa kushika kile kishikio kinachopitishwa tumboni.

Siku ya kwanza Phelis hakuona chochote ila kijivu kinachotetemeka, kama mvua kwenye kioo cha gari. Aliona aibu kusema. Akeyo hakumcheka. Alimwambia asiangalie mkono wake, aangalie kioo, na kila anachokiona akitaje kwa jina lake kabla hajasema kina maana gani. Hiki ni kibofu. Huu ni mji wa mimba. Huu ni mfupa wa paja. Walikwenda hivyo, jioni baada ya jioni, wagonjwa wakiwa wameondoka na wauguzi wenye subira wakilala kitandani ili wachunguzwe. Siku moja, katikati ya mwaka wa pili, kile kijivu kikajipanga chenyewe mbele ya macho ya Phelis. Aliona ini, akaona mishipa ikiingia ndani ya ini, akaona figo imelala nyuma yake. Alicheka kwa sauti. Hakuwa mtu wa kucheka.

Baada ya hapo Akeyo alianza kusimama mlangoni tu, na baadaye akawa anakwenda chumba cha upasuaji akimwachia kazi yote. Phelis aliona mapacha wengi. Aliona majipu ya ini. Mchuma chai mmoja, msichana aliyeitwa Nelvine, aliletwa akiwa amejikunja kwa maumivu na wote walidhani ni tumbo la kuhara. Phelis alipitisha kishikio cha mashine mara moja akaona mimba imekaa kwenye mrija na damu imejaa tumboni. Alikimbia mwenyewe kumwita Akeyo. Nelvine alipona. Ripoti aliisaini Akeyo, jambo lililokuwa sawa, maana Akeyo ndiye daktari, tena alimwita Phelis mbele ya wauguzi wote akasema nani aliyeona.

Mwaka wa 1992, vurugu za kikabila zilipofika Sigor, maduka ya watu waliotoka mkoa wa kati yalichomwa. Miongoni mwa waliokimbia walikuwa Thuo na mkewe Mwihaki, wauza vitambaa na nyuzi, ambao walilala kwenye uwanja wa kanisa wiki mbili. Mwihaki alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kwa siku nne hakuwa amesikia mtoto akicheza. Alipolala kitandani hakumtazama Phelis usoni. Alikuwa amesikia jina lake likiitwa kwenye korido, na jina lilitosha kumjulisha kwamba ni wa kabila la waliochoma duka lao. Phelis alifanya kazi yake. Alipoupata moyo wa mtoto alikigeuza kile kioo mpaka Mwihaki akauona, nukta ndogo inayopepesa. Mwihaki alilia bila sauti, akaushika mkono wa Phelis na jeli yake yote, akakaa nao.

Mtoto alizaliwa, akaitwa Steve. Thuo alifungua duka jipya Sotik, na kila Phelis alipopita kwenda kwao, Mwihaki alimwita ndani akamwekea kiti na chai. Waliongea habari za watoto, za bei ya vitambaa, za kanisa. Mambo ya Sigor hayakuwahi kutajwa. Phelis hakuwa na marafiki wengi, na baada ya muda alimhesabu Mwihaki kuwa mmoja wao.

Akeyo aliondoka mwishoni mwa 1993, kwenda kufundisha Nairobi. Siku ya kuagana alimketisha Phelis chini.

"Mikono yako inajua kazi," alimwambia, "lakini siku nikitoka hapa, utakuwa mwoshaji picha tena. Tafuta karatasi. Usingoje mtu akukumbuke."

Karatasi ilikuwa na njia ndefu. Ili asomee skani ilimpasa kwanza awe na diploma ya eksirei, na ili apokelewe kwenye diploma ilimpasa awe na fizikia na kemia nzuri kuliko zile zilizokuwa ndani ya Biblia ya babake. Phelis alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alinunua vitabu vilivyotumika, akajiandikisha kama mtahiniwa wa nje, na kwa mwaka mzima alisomea ndani ya chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, picha zikingoja kukauka. Sheria za mwanga alizielewa upesi. Kemia ilimtoa jasho. Alifanya mtihani mwaka wa 1994 akiwa ameketi nyuma ya watoto wa miaka kumi na saba waliomwita mwalimu. Matokeo yalipotoka, Aron aliyabandika ukutani kwa gundi ya ugali.

Hospitali ilikuwa ikipeleka mfanyakazi mmoja masomoni kila mwaka. Mwaka wa 1995 Phelis aliitwa mbele ya bodi, akakaa mwisho wa meza ndefu. Mwenyekiti alimuuliza kama ana mpango wa kuolewa. Mwingine alimuuliza nani atasafisha picha akienda. Hakuna aliyemuuliza anaona nini kwenye kioo. Nafasi akapewa kijana aliyeitwa Kiptum, mpwa wa mmoja wa wazee wa bodi, aliyekuwa ameajiriwa miezi sita tu kuchukua nafasi ya Mzee Makori. Kiptum alikuwa na diploma ya eksirei tayari. Angeweza kwenda moja kwa moja kwenye skani na kurudi baada ya mwaka mmoja na nusu. Ukiangalia makaratasi, hakukuwa na dhuluma yoyote. Hilo ndilo lililomuuma Phelis kuliko yote, kwamba hakuwa na pa kulalamikia.

Aliambiwa angoje mwaka ujao. Mwaka uliofuata nafasi ilikwenda maabara. Uliofuata huo, wafadhili wakaacha kutuma pesa.

Wakati Kiptum yuko Nairobi, skani zote zilifanywa na Phelis, na daktari yeyote aliyekuwa zamu alitia sahihi bila kusoma. Hakuna aliyesema hana ruhusa. Kisha Januari 1997 Kiptum akarudi, akiwa na koti jeupe lililopigwa pasi na cheti ndani ya fremu.

Hakuwa mtu mbaya. Phelis alijaribu sana kumwona mbaya akashindwa. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mpole, mwenye kuogopa. Nadharia aliijua yote, lakini chuoni walikuwa wanafunzi wengi wakigombania mashine moja, na mikono yake ilikuwa bado ya mgeni. Wiki ya kwanza alifungua mlango wa chumba cha giza kidogo akasema, "Dada Phelis, hebu kuja uangalie hii." Alikwenda, akaangalia, akamwambia ni nini. Kiptum akaandika. Ikawa desturi. Baada ya miezi mitatu Kiptum alikuwa akikaa pembeni na kikombe chake cha chai huku Phelis akichunguza, kisha anaandika anachoambiwa na kutia sahihi yake ndefu yenye mkia.

Mwezi wa tano, msimamizi wa hospitali, Bwana Bosire, aliingia bila kubisha akamkuta Phelis na kishikio mkononi na mama mmoja kitandani. Aliuliza nani amemruhusu mtu wa chumba cha giza kugusa wagonjwa. Phelis alimtazama Kiptum. Kiptum aliangalia sakafu, akasema alikuwa ametoka kufuata karatasi, na aliporudi alimkuta ameshaanza.

Ilimchukua Phelis muda kuelewa kwamba amesikia sawasawa.

Barua ya onyo ilikuja siku hiyo hiyo. Ilisema asiguse tena ile mashine, na asitoe maoni yoyote juu ya picha yoyote kwa mgonjwa, muuguzi wala daktari; akirudia, atafutwa kazi. Aliambiwa atie sahihi kuthibitisha kwamba ameelewa, na nakala ikawekwa faili. Akarudi kwenye mabeseni yake. Kiptum alijaribu kumsalimia kwa wiki mbili, kisha akaacha.

Tangu hapo kitu fulani kiligeuka ndani ya Phelis. Alianza kungoja. Alijua siku moja Kiptum atakosea, na alijua atakosea wapi, maana alimjua mkono wake: alikuwa mwepesi wa kupima kichwa na paja, akaridhika na vipimo, asikae chini kwenye shingo ya mji wa mimba kwa muda wa kutosha. Phelis alipokuwa akianika picha alijikuta akiwazia siku hiyo. Katika mawazo yake Bosire anakuja mbio chumba cha giza na kumwomba aje aokoe jambo. Katika mawazo hayo mgonjwa hakuwa na uso.

Ilikuwa Oktoba, mvua kubwa za mwaka ule zikiwa zimeshaanza, Phelis alipopeleka picha za kifua kwa daktari na kulazimika kupita chumba cha skani. Kitandani alilala Mwihaki, na mimba yake ya tatu, ya miezi minane kasoro. Alipomwona Phelis uso ulimng'aa, akasema alikuwa ameuliza yuko wapi wakamwambia hafanyi tena hii kazi. Kiptum alikuwa ameugeuzia mlango mgongo. Kioo kilimtazama Phelis.

Kiptum alikuwa anashuka na kishikio, upesi kama kawaida yake, akitoka kichwani kwenda chini. Kwa sekunde mbili, hazikuzidi, Phelis aliona kondo la nyuma limelala upande wa mgongo na kushuka chini mpaka likafunika mlango wa kizazi, hali inayoweza kumtoa mama damu hadi afe. Halafu mkono wa Kiptum ukapanda juu tena, kwenye paja, na lile umbo likapotea.

"Kuna kitu?" Kiptum aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna," Phelis alisema.

Alikuwa ameshafika mlangoni Mwihaki alipomwita. "Sista, iko sawa? Mtoto ako sawa?"

Phelis alikuwa na picha mkononi, na maji yalikuwa yakidondoka sakafuni.

"Muulize daktari," alijibu, akatoka.

Baadaye, alipolieleza jambo hili, Phelis hakusema kwamba hakuwa na uhakika, ingawa angeweza. Sekunde mbili ni chache. Kondo la nyuma la upande wa mgongo huwadanganya hata waliosoma. Na ile barua ya onyo ilikuwa na maneno yasiyo na utata. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote alikuwa ameyawaza akiwa njiani kutoka chumba kile hadi chake, hatua kumi na mbili. Lakini alijua alichokiona. Alinyamaza kwa sababu alitaka kosa liwe la Kiptum, liandikwe kwa mkono wa Kiptum, na litiwe ile sahihi yenye mkia. Mchana aliangalia kitabu cha ripoti. Kiptum alikuwa ameandika kondo liko juu, mtoto yuko vizuri, mama arudi baada ya wiki tatu. Phelis alisoma mara mbili, na kwa dakika moja hivi alisikia raha.

Jioni raha ilikuwa imemtoka. Alijiambia atamwona mkuu wa wauguzi Jumatatu. Jumatatu mkuu wa wauguzi alikuwa Kericho kwa mkutano. Jumanne Phelis alifikiria kushuka Sotik na kumwambia Mwihaki mwenyewe, kama rafiki, dukani, nje ya kazi. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kwao, naye akaifurahia ile sababu. Jumatano hakuifikiria. Kwa nini aliiacha Alhamisi na Ijumaa hakuweza kamwe kueleza.

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, Mwihaki alikuwa akimkatia mteja kitambaa cha sare ya shule alipohisi maji ya moto miguuni. Hayakuwa maji. Thuo alimbeba kwenye pikapu ya jirani. Kwenye daraja moja mto ulikuwa umepanda juu ya barabara, wakazunguka kwa njia ya mashamba makubwa ya chai, na katika utelezi pikapu ilikwama mara mbili, wachuma chai wakaacha vikapu vyao kuja kusukuma. Walifika saa sita kasoro. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari lakini hakukuwa na damu ya kutosha. Mtoto alitolewa hai, msichana. Mwihaki alikufa saa saba na robo, akiwa na miaka thelathini na miwili.

Kama wangejua, angelazwa wodini tangu siku ile ya skani. Damu ingetafutwa. Angepasuliwa kwa utaratibu, siku waliyoichagua. Phelis alijua hatua hizo zote. Ndizo zilizowaokoa watatu aliowagundua yeye enzi za Akeyo.

Uchaguzi ulikuwa unakaribia na watu walikuwa wameanza tena kutazamana kwa macho ya 1992. Thuo alisema hadharani, kwenye uwanja wa hospitali, kwamba mkewe ameachwa afe kwa sababu ni mtu wa kuja. Alisema walichoma duka lake, sasa wamemmalizia mke. Wafanyabiashara wa Sotik walifunga maduka siku ya mazishi. Bodi iliogopa, ikaitisha kikao. Phelis alikuwa chumba cha giza aliposikia Thuo amesema nini. Alijua kwamba Thuo amekosea, na kwamba ukweli ulikuwa kitu kidogo na kichafu kuliko ukabila.

Hakuna aliyemwita kwenye kikao. Alikwenda mwenyewe, akabisha, akasimama mwisho wa ile meza ndefu. Aliwaambia aliona kondo, akataja siku na saa, na akasema alinyamaza. Aliwaambia pia kuhusu ile miezi ya Januari hadi Mei, nani alikuwa akichunguza na nani akiandika. Kiptum alikuwepo. Alikuwa amejikunja kwenye kiti chake, macho mekundu. Inaelekea alikuwa amelia. Hakukanusha wala hakukubali.

Uamuzi ulitoka baada ya siku nne. Kiptum, ilisemwa, alifanya kosa la kitaalamu ambalo lingeweza kumpata mtaalamu yeyote, na angepewa mafunzo zaidi. Mfanyakazi wa chumba cha giza, kwa kukiri kwake mwenyewe, aliona hatari akaificha kwa makusudi, na zaidi ya hapo aliwahi kuonywa kwa maandishi kwa utovu wa nidhamu. Alifutwa kazi. Barua aliyopelekewa Thuo ilitaja jina moja tu, la Phelis.

Mzee Aron aliposomewa barua aliuliza kama ni kweli aliona. Phelis alisema ni kweli. Aron alitoka nje, akaenda kukamua ng'ombe ingawa saa ya kukamua ilikuwa bado, na jambo hilo hawakuliongea tena mpaka Aron alipofariki.

Mwezi uliofuata Phelis alikwenda Sotik dukani kwa Thuo. Alikuwa amejitayarisha kupigwa. Thuo alikuwa nyuma ya meza akimnywesha mtoto maziwa kwa chupa, na Steve, aliyekuwa na miaka mitano, alikuwa akipanga nyuzi kwa rangi. Thuo alimwambia Steve aende kwa jirani. Hakumpa Phelis kiti.

"Mke wangu alikukosea nini?" aliuliza.

"Hakunikosea."

"Ni kwa sababu ya kabila? Niambie tu. Hiyo naweza kuelewa."

"Hapana. Nilikuwa nimemkasirikia Kiptum."

Mtoto alikuwa amemaliza maziwa na ananyonya hewa, na Thuo hakuona.

"Kwa hivyo hata hukuwa unamfikiria yeye," alisema.

Phelis alisema hapana, hakuwa akimfikiria. Thuo akamwomba atoke, kwa adabu, kama anavyoambiwa mteja kwamba duka linafungwa. Baada ya uchaguzi aliuza bidhaa zake akahamia Nakuru na watoto wake wawili wakubwa na yule mchanga.

Phelis alirudi kwenye kikapu. Kwa mwaka mmoja na zaidi alichuma majani shambani kwa babake, majani mawili na chipukizi, na kuyapeleka kituo cha kununulia chai pamoja na wanawake aliowaacha kijijini miaka kumi nyuma. Hawakumcheka. Walimhurumia, na hilo alilivumilia kwa shida zaidi. Usiku aliota kijivu kinachotetemeka kisichojipanga.

Mwaka wa 1999 daktari mmoja alifungua kliniki Kericho mjini, juu ya duka la viatu, akanunua mashine mpya ya skani. Alikuwa amesikia kwamba kuna mwanamke Sotik anayeona kuliko waliosoma, na kwamba anaweza kupatikana kwa bei ndogo kwa sababu hana cheti wala hana pa kwenda. Alimfuata mpaka shambani, viatu vyake vikizama matopeni. Alimweleza waziwazi: Phelis atachunguza, na mtaalamu mwenye leseni atakuja mara mbili kwa wiki kutia sahihi. Phelis aliuliza ni nani. Daktari akamtajia.

Alikubali. Alipoulizwa na dadake Rodah kwa nini amekubali jambo la aibu kama hilo, alijibu kwamba hiyo ndiyo kazi anayoijua. Aliweka sharti moja tu, kwamba kila atakachokiona atamwambia mgonjwa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla mgonjwa hajashuka kitandani. Daktari alidhani ni majivuno ya kikazi, akamruhusu.

Kiptum alikuja Jumanne ya kwanza. Alikuwa amenenepa, ana gari, na alikuwa akitia sahihi kliniki tatu mjini. Aliketi, akavuta ripoti zilizopangwa, akaanza kusaini bila kuzisoma. Phelis alisimama dirishani, akiangalia mashamba ya chai yanayoanzia pale mji unapoishia. Baada ya ripoti tano au sita kalamu ilisimama.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" Kiptum alisema. "Nilikuuliza. Nilikuuliza kama kuna kitu."

"Na Bosire alipokuuliza wewe?"

Kiptum alikaa na kalamu hewani. Kama angesema neno lolote la toba huenda Phelis naye angelisema lake. Alikuwa nalo, alikuwa amelibeba miaka miwili. Lakini Kiptum aliinamisha kichwa akaendelea kusaini, na Phelis akamsogezea zile zilizobaki, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha.

Nje kwenye benchi wanawake wanne walikuwa wakingoja na kadi zao. Alifungua mlango akamwita wa kwanza, mama mjamzito aliyetembea mwendo mrefu tangu asubuhi, akamsaidia kupanda kitandani, akamwambia jina lake, Phelis Chelangat, na kwamba yeye si daktari.